Viatu Tulivyovificha Juu ya Kabati

Kina mama wenzetu, mkisikia habari ya pedali za baiskeli huenda mkafunua haraka ukurasa wa mapishi. Tunawaomba msubiri kidogo. Sisi pia, baba na mama wa watoto wanne hapa Lushoto, hatukudhani kwamba chuma kisichozidi kiganja cha mkono kingetunyima usingizi na kutufanya tumdanganye mtoto wetu.

Kijana wetu wa pili ni mwongoza watalii. Huwapeleka kwa baiskeli za milimani kupitia msitu wa Magamba hadi Mtae, kule ambako mlima unakatika ghafla na unaona nyika ya Mkomazi chini kabisa. Njia zenyewe ni udongo mwekundu, mawe na mizizi. Wakati wa masika udongo ule huteleza kama sabuni, na mama yeyote wa huku aliyewahi kufua sare za shule anajua jinsi unavyong'ang'ania.

Mwaka juzi mgeni mmoja alipomaliza safari alimwachia pedali zake pamoja na viatu vyake. Hazikuwa pedali tulizozoea. Chini ya soli ya kiatu kuna kichuma kidogo kilichofungwa kwa skrubu mbili. Ukikanyaga, kichuma kinaingia kwenye mdomo wa pedali wenye springi, kinalia "kla!", na mguu umenaswa. Ukitaka kuutoa, unapindua kisigino kwa nje. Kijana alitueleza kwamba mguu hauruki kwenye mawe, na kwamba kwenye mlima mkali unakanyaga bila hofu ya kuteleza. Sisi tuliona jambo moja tu: mtoto wetu amefungwa kwenye baiskeli.

Mwezi wa nne akaanguka. Wala hakuwa mbioni. Alikuwa amesimama kuwasubiri wageni, akataka kuteremsha mguu, mguu ukakataa. Akaanguka kwa ubavu juu ya jiwe kama gunia la viazi, akavunjika mtulinga. Wiki 6 mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, na kwa kazi yake, siku usiyotoka ni siku usiyolipwa.

Alipokuwa amelala, tulivichukua vile viatu na pedali zake tukaviweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku la blanketi. Tulikubaliana wote wawili. Hatutaki kumtupia lawama mmoja wetu.

Alipopona alirudi kazini na raba za kawaida na pedali za plastiki. Wiki ya pili mvua ikanyesha, raba ikateleza, pedali ikazunguka na kumchana muundi. Akashonwa nyuzi 5. Jioni ile aliketi jikoni mguu ukiwa juu ya kigoda, akauliza kwa upole, "Mama, Baba, viatu vyangu viko wapi?" Mmoja wetu akajibu kwamba hajui. Kijana akatutazama, kisha akatazama kabati. Hakusema neno, si siku ile wala siku tatu zilizofuata, isipokuwa shikamoo ya asubuhi.

Siku ya nne tuliviteremsha. Tulimwomba radhi, jambo ambalo si rahisi kwa wazazi wa umri wetu, tukaenda naye kwa fundi baiskeli.

Fundi aliibana pedali kwenye jiliwa, akachukua kiatu na kukinasisha kwa mkono. Akatuambia, "Haya mama, kitoe." Tulipindua mmoja baada ya mwingine tukashindwa. Fundi akacheka. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameikaza springi mpaka mwisho, kama wafanyavyo waliozoea. Kuna skrubu ndogo ya kuilegeza, inayofunguliwa kwa ufunguo wa milimita 3. Pedali hizi zinanasa pande zote mbili, kwa hiyo skrubu ni 4 kwa jumla, na ukisahau moja, siku mguu utakapokanyaga upande ule utapata taabu ileile. Alipozilegeza zote, kiatu kilitoka kwa mkono wa mama bila kutoa jasho. Mwaka mzima tulikuwa tumeichukia pedali, kumbe tatizo lilikuwa skrubu!

Baada ya hapo ndipo tukaanza kuuliza vizuri. Jamaa yetu wa Dar es Salaam alitaka kutuuzia kwa bei nafuu pedali za barabarani, aina iliyopata sifa mwaka 1985 Bernard Hinault aliposhinda Tour de France akiwa na pedali za LOOK za Ufaransa. Kichuma chake ni kikubwa, hufungwa kwa skrubu 3 na kutokeza chini ya soli. Kwa lami ni sawa. Kwa mtu anayeshuka kila mara kusukuma baiskeli ya mgeni kwenye tope, atatembea kama bata. Aina ya skrubu mbili, ambayo Shimano waliitoa mwaka 1990 kwa ajili ya njia mbovu, kichuma chake hukaa ndani ya mfereji wa soli, na mtu anatembea kama kawaida. Ipo pia ya Crankbrothers, yenye mabawa manne, ambayo hupitisha tope vizuri sana. Lakini springi yake hailegezwi, na baada ya mambo yaliyotupata hatukuwa na moyo wa kuijaribu.

Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za mabati ya jiko. Tulichukua sehemu yake tu. Tulibaki na pedali za mgeni, tukanunua vichuma vipya vya aina inayoachia kiatu kwa kupindua upande wowote, si nje peke yake. Kwa ajili ya masika tulinunua pedali bapa za chuma zenye vijiti vidogo vinavyouma soli ya raba. Kubadilisha ni kazi ya dakika 10, ila pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Mmoja wetu hakulijua hilo na nusura aiharibu kwa nguvu zake.

Kabla ya kurudi njiani, tulimpa kijana sharti. Ajifunze hapa nyumbani, ameshika ua wa matete, mara 100 mguu wa kulia na mara 100 wa kushoto. Alikubali, huku wadogo zake wakihesabu kwa sauti na kumdai aanze upya kila walipopotea hesabu.

Jiko bado linavuja upande wa mashariki. Vichuma vya kushoto vimeanza kulika, na juzi ametuambia mapema kwamba atahitaji vingine kabla ya wageni wa mwezi wa saba.