Gari la watu wawili, ukoo wa watu arobaini

Jamani, mjini kuna maneno! Ukinunua kitanda cha futi nne hakuna anayekuja kukipima. Ukinunua friji hakuna anayeuliza kama litatosha ukoo mzima. Lakini thubutu ununue gari la viti viwili uone. Utaulizwa na mama mwenye nyumba, utaulizwa na muuza genge, utaulizwa mpaka na konda wa daladala kwenye foleni ya Buguruni: "Dada, sasa abiria unaweka wapi?"

Mimi nimeulizwa mwaka mmoja na nusu sasa. Leo nawajibu wote kwa mpigo. Anayetaka kununa, anune.

Gari lenyewe ni Mazda ya mwaka 1991. Kule Japani ziliziita Eunos Roadster, Marekani Miata, Ulaya MX-5. Majina matatu, mtoto mmoja. Lina injini ya lita 1.6, gia tano za mkono, paa la turubai unalolikunja kwa nyuma, na zile taa zinazoamka kama macho ya chura ukiziwasha. Uzito wake haufiki tani moja. Kwenda juu halifiki mita moja na robo, kwa hiyo ukisimama kwenye foleni pembeni ya daladala, abiria wote wanakuangalia mapajani. Vaa kwa adabu.

Historia yake tamu. Mwaka 1979 mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, aliwashawishi wakubwa wa Mazda watengeneze kigari chepesi cha wazi, mfano wa vile vya Waingereza, akina MG, Triumph na Lotus. Vile vya Waingereza vilipendwa kufa mtu, ila vilikuwa na tabia ya kuvuja oili na kugoma kuwaka asubuhi. Mjapani akafikiria miaka kumi. Februari 1989 akalileta la kwake kwenye maonyesho ya Chicago, na watu wakapagawa. Mwaka 2000 Guinness ikaliandika kuwa gari la michezo la viti viwili lililotengenezwa kwa wingi kuliko yote duniani, na Aprili 2016 likatoka la milioni moja.

Wajapani wenyewe wana msemo juu yake, "jinba ittai", yaani farasi na mpanda farasi wawe kitu kimoja. Sikuelewa maana yake mpaka siku niliposhika usukani. Gari hili halina mbio za kutisha, Crown yoyote itakuacha. Ila ukikata kona linaitika kabla hujamaliza kuwaza. Ile mbaya!

Sasa nililipata wapi? Nilikuwa napita kwenye gereji moja hapa Dar kupeleka suruali za mitumba kwa mafundi, wateja wangu wa mwisho wa mwezi. Gari limelala chini ya mwarobaini miaka mitatu, matairi hayana upepo, kuku wanatagia kwenye kiti cha abiria. Mwenyewe kahamia nje ya nchi na kamwachia mdogo wake auze. Walitaka milioni tisa. Nikazungushana nao wiki tano, tukamalizana kwa milioni sita na laki tano. Pesa ya upatu, pesa ya mitumba, na hivi visenti vya kuandika.

Kuna mshikaji aliniambia, "Si ungeagiza tu Japani?" Kuagiza unaweza, lakini gari la umri ule serikali inakutoza na ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote. Ndugu zetu wa Kenya ndiyo basi kabisa, kwao gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo lililokwisha kuingia siku nyingi, na kadi yake ipo mkononi, ni la kulishika.

Wewe unayesoma huku unameza mate, sikiliza haya. Ukienda kuliangalia usianze na rangi. Rangi ni poda tu, hata mimi napaka.

Anza na kadi. Linganisha namba ya chesisi. Zenye injini ya 1.6 zilizouzwa Japani namba inaanza na NA6CE, za 1.8 zilizokuja kuanzia 1993 ni NA8C. Kadi ikisema kingine, aga kistaarabu uondoke.

Pili, piga magoti uangalie bodi chini ya mlango, hasa pale karibu na tairi la nyuma. Paa la turubai lina vitundu viwili nyuma ya viti vya kupitishia maji ya mvua. Majani yakiviziba, maji yanaingia ndani ya bodi na kukaa humo yakila chuma kimyakimya. Langu lilikuwa chini ya mwarobaini, nadhani unajua kilichotokea. Fundi alipochokonoa kwa waya yalitoka maji meusi nusu ndoo.

Tatu, kile kioo cha nyuma si kioo, ni plastiki, na kina zipu. Kabla hujakunja turubai, fungua zipu ukilaze chini taratibu. Ukikunja kwa papara kitapasuka, na hapo hutalaumu mtu.

Nne, angalia klachi. Silinda yake ndogo kule chini inapenda kuvuja. Ukikanyaga pedali ikazama kama mguu kwenye tope la Jangwani wakati wa masika, ujue ndiyo hiyo. Si bei kubwa, lakini punguziwa.

Tano, usitishwe na mlio wa tik-tik-tik injini ikiwa ya baridi. Hiyo kawaida yake, ikipata moto na oili safi hunyamaza. Kinachotakiwa kukutisha ni muuzaji asiyejua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Mimi kuchomelea bodi kulinila laki saba. Turubai jipya alinishonea fundi wa makochi, laki nane na nusu, na mshono wake hauvuji. Matairi manne laki sita. Afadhali saizi yake ni 185/60 ya ringi 14, wanayovaa pia magari madogo mengi ya hapa mjini. Rejeta, mkanda na silinda ya klachi laki nne na nusu, na vitu viwili vikabidi vitoke Japani, nikasubiri wiki tano. Piga hesabu mwenyewe. Jumla milioni tisa na laki moja. Kwa pesa hiyo ningepata Vitz nzuri, ya milango mitano na amani ya ukoo.

Amani! Hapo ndipo penyewe.

Msichana wa mjini akiendesha Vitz, watu husema kajitahidi. Akiendesha gari la wazi la viti viwili, watu hutafuta nani kalinunua. Kijana wa sheli aliniwekea mafuta huku anachungulia kiti cha pili: "Shem yuko wapi?" Nikamwambia shem ni marobota ya mitumba. Hakuelewa. Mtaani kwetu Tabata walishamaliza, kwamba nina buzi la Masaki. Mimi sikukaa kikao na mtu. Nikawa naosha gari Jumamosi, nafungua boneti mwenyewe, nalala chini yake na nguo za oili. Baada ya miezi miwili maneno yakapungua. Inaelekea mwenye buzi halali chini ya gari.

Ya mtaani ni mepesi. Mazito ni ya nyumbani.

Sisi gari la mmoja ni la wote, si unajua tena. Mwenye gari ndiye wa kupeleka mgonjwa, kubeba wapambe wa send-off, kufuata mchele Mbeya, kumpokea shangazi stendi saa tisa usiku. Kaka yangu mkubwa alipoliona mara ya kwanza hakuniambia hongera. Alilizunguka, akafungua mlango, akachungulia nyuma ya viti kama vile kuna kingine kimefichwa. Kisha akasema, "Umenunua gari la kutukwepa." Akaniambia niuze, niongeze kidogo, nichukue Noah. Mama alikuwepo, hakusema neno. Ukimya wa mama unauma kuliko maneno ya kaka kumi.

Mwaka jana mwezi wa nane tukapata msiba Bagamoyo, mdogo wake mama. Usiku ule ule simu zikaanza. Watu wa kwenda thelathini na kitu, magari hakuna. Kaka akasema mbele ya wote, "Leo ndiyo tungejua faida ya gari, bahati mbaya tuna toi." Watu wakacheka kidogo, ule ucheko wa msibani.

Nilichangia laki mbili za kukodi Coaster, mchango mkubwa kuliko wa yeyote pale. Kisha nikasema, mama nakwenda naye mimi. Kaka akauliza, "Kwa nini mama, si abaki na wenzake?" Nikajibu kwa sababu kiti ni kimoja, na kiti kimoja ni cha mama.

Kumwingiza kulikuwa kazi. Anatakiwa aanze kukaa, kisha nimgeuze miguu. Akajifunika kanga, nikafunga turubai vizuri, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ubungo, Mwenge, Tegeta, Bunju. Hatukuwa na redio, ile iliyokuja nalo ilikufa chini ya mwarobaini. Tulipovuka Bunju mama akaanza kuongea.

Alisema macho yake hayaoni. Mama yangu ni fundi cherehani, ametusomesha kwa sindano. Akasema tangu mwaka uliopita uzi anatungiwa na mtoto wa jirani kwa siri, na kwamba nguo tatu za wateja amezifumua usiku na kuzishona upya kwa kupapasa. Nilimuuliza mbona hukusema. Akasema, "Niseme wapi? Nyumbani mpo wote. Nikisema mmoja kasikia, kimekuwa kikao, na kaka yako ataniambia nifunge mashine."

Nikafikiri, mwaka mzima mama yangu anatafuta pa kuongea na mtu mmoja. Nyumba ya vyumba vinne hakupapata. Amepapata kwenye kigari ambacho hata mkoba wake ulibidi aupakate.

Tulizika. Wiki mbili baadaye nikampeleka hospitali, sisi wawili tu. Ni mtoto wa jicho, macho yote. Walimfanyia la kulia kwanza, halafu la kushoto. Sasa hivi uzi anatunga mwenyewe, na amenishonea begi la kitambaa la kuhifadhia zile funguo za spana. Kaka aliambiwa baada ya jicho la pili kupona. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akamletea mama miwani ya jua.

Msomaji wangu, sisemi Noah ni mbaya. Noah imezika watu, imeoza watu, Mungu aibariki. Ninachosema ni hiki. Kwenye gari la watu wanane kila mtu amebebwa. Kwenye gari la wawili, aliyekaa pembeni yako amechaguliwa, na yeye anajua. Wengi wetu tumelelewa katikati ya watu mpaka hatujawahi kukaa saa moja na mzazi mmoja bila mtu wa tatu kupitisha sikio. Kama huna gari la viti viwili, tafuta benchi la watu wawili. Mpeleke mama yako Coco Beach mkale mihogo, uone atakachokuambia.

Hasara zake ninazo, sizifichi. Matuta ya Tabata nayapita mshazari kama kaa. Mvua ikinyesha nasikiliza kila tone. Saa saba mchana sikunji turubai hata kwa dawa, labda niwe nataka kukaushwa kama ng'onda. Na buti lake likimeza tairi la spea, betri na jeki, panabaki pa kuweka roboto nusu. Lakini jioni jua likizama, nikikunja turubai pale Daraja la Tanzanite upepo wa bahari ukaingia, naendesha pole pole na simdai mtu.

Kaka? Anaoa mwezi wa kumi na mbili. Juzi kaja na soda mbili, kazungukazunguka, mwishowe katamka kwamba mpiga picha anasema bibi harusi angependeza sana kwenye "kale kagari kako ka wazi". Nimemwambia kakangu sina kinyongo, chukua. Ila viti ni viwili, bwana harusi na bibi harusi, kwa hiyo mimi wa kuendesha sina pa kukaa.

Gia za mkono hajui. Tumeanza darasa la klachi Jumapili, na jirani wote wamehamishia viti vyao barazani.