Koranti Inalalaka Mule

Usiku ule umeme ulikatika kwetu Katuba, kisha ukarudi kwa nguvu. Balbu iliwaka nyeupe kupita kawaida, na ordinatere yangu ikanyamaza. Nilibonyeza kitufe mara kumi. Hata feni haikuzunguka. Ndani ya diski mlikuwa na saa 14 za sauti ya bibi yangu akisimulia kwa Kisanga, yaani data yote ya memwari yangu. Bibi alifariki mwaka jana. Nakala nyingine sikuwa nayo. Mwalimu anayeniongoza alishaniuliza mara mbili, na mara mbili nilimjibu, «Nitaifanya.»

Asubuhi nilijaribu waya mwingine, priza nyingine, nikahakikisha swichi ya nyuma haijazimwa. Kimya. Nikashika bisibisi ili nifungue alimantasio, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme. Kwa bahati nikaona afadhali nimuulize kwanza fundi wa mtaani.

«Yaya, nikifungue?»

«Apana, mudogo. Koranti inalalaka mule.»

Sisi wa isimu tunajua kazi ya kile kiambishi -aka katika Kiswahili cha Lubumbashi: kinaeleza mazoea. Fundi hakusema kwamba leo mna umeme. Alisema ndiyo desturi yake, hata waya ukiwa umechomolewa. Umeme wetu wa volti 220 ukigeuzwa mle ndani hupita volti 300, na kapasita zinaweza kuushikilia kwa muda. Yeye anayefungua redio, simu na pasi, alimantasio haifungui. Anaibadilisha tu.

Alichomoa waya wa ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwasha ili mabaki yapungue, akatenganisha plagi zote za ndani. Katika ile kubwa ya pini 24 akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, ndipo akarudisha umeme. Feni haikuzunguka.

«Imekufa,» akasema. Neno hilo sikulipenda.

Alikuwa na mbili za mtumba. Ya kwanza, swichi nyekundu ya nyuma ilikuwa kwenye 115. Kwa umeme wetu ingelipuka. Akaisukuma hadi 230, akapima: waya wa njano ulitoa volti 10,8, wakati haitakiwi kushuka chini ya 11,4. Akaiweka kando, ingawa ndiyo iliyokuwa ya bei yangu. Ya pili ilitoa 12,1 na waya mwekundu 5. Ilikuwa ya wati 400, yangu ya zamani 300. Niliogopa itaunguza kitu, akacheka: mashine huchukua inachohitaji tu.

Tulipowasha, nilifungua faili la kwanza. Bibi alikohoa, akauliza kama kile kidude kinamsikia.

Nilinunua diski ya nje kwa deni siku hiyohiyo. Kisanduku kibovu nilimwachia fundi. Alikisukuma chini ya meza kwa mguu, bila kukifungua.