Mimea inayolinda nyumba

Katika mchezo wa Plants vs. Zombies, uliotolewa na kampuni ya PopCap mwaka 2009, mazombi wanakuja kula watu wa nyumba, na mwenye nyumba hana bunduki. Ana mimea tu. Alizeti inatoa jua, na jua ndilo pesa ya kupandia: alizeti ni 50, njegere yenye kutema mbegu ni 100. Anayekimbilia njegere kabla ya alizeti anaishiwa mapema. Hapo mchezo ni mzuri kweli; mkulima yeyote wa Djugu angeuelewa bila kufundishwa.

Ubaya wake? Karibu mazombi wote wanatoka upande mmoja, polepole, na kabla ya kundi kubwa kuna maandishi ya kuonya. Wahami walioko hapa Bunia wanajua vita haiji hivyo. Hatua 10 za kwanza ni za mchana, kisha usiku unaingia na wengine wanatoka makaburini. Wanachekesha, lakini mtoto aliyekimbia kijiji usiku asiachwe peke yake na picha hizo. Mukubwa akae naye, waishie mchana.

Toleo la pili, la 2013, ni la bure, ila ndani yake kuna mimea inayouzwa kwa pesa halisi. Wazazi, muangalie hapo. Na chaji pia inalipiwa: ikiishia kwenye mchezo, ndugu aliyebaki kijijini akipiga simu, hapati mtu.