Kijana, Upanga na Swali Lililochelewa

Kwenye kopo la maziwa ya unga mlikuwa na shilingi 70,000. Kijana huyo wa kidato cha pili, mkazi wa Nzuguni, Dodoma, alizipata kwa kuuza mayai ya kuku wa kienyeji. Hakuna aliyemuuliza atazifanyia nini, hadi jioni aliyomwonyesha baba yake simu. Kwenye kioo kulikuwa na katana, upanga wa Kijapani kama wa kwenye katuni anazotazama. Tangazo lilisema: "Halisi. Umefuliwa kwa mkono. Sh 65,000, unaletewa ulipo."

Mama alikataa kabla hajamaliza kusoma. Baba, ambaye ni fundi magari, akasema, "Ngoja kwanza tujue kinachouzwa."

Usiku ule wakasoma pamoja. Katana halisi hufuliwa Japani na mhunzi mwenye leseni, aliyejifunza chini ya bwana wake si chini ya miaka 5. Chuma chake, tamahagane, hutokana na mchanga wa chuma unaoyeyushwa kwa mkaa, kisha hukunjwa na kufuliwa tena na tena. Kabla ya kuzamishwa kwenye maji, upanga hupakwa udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, ili makali yawe magumu na mgongo uhimili pigo. Mpaka wa sehemu hizo huonekana kama wimbi kwenye chuma. Bei yake ni mamilioni ya shilingi.

"Na huu wa 65,000?" baba aliuliza.

Kijana akakuza picha. Wimbi lilikuwa limechorwa tu, na maelezo ya chini yalisema ni stenlesi. Baba akamweleza kwamba upanga mrefu wa stenlesi ni pambo la ukutani, ukipigwa kwa nguvu unaweza kukatika. Tena mingi ya bei rahisi, ndani ya mpini mna kijiti chembamba cha chuma kilichochomelewa. Kikiachia, upanga unaruka na kumpata aliye karibu. Upanga mzuri ni chuma kimoja kinachoingia mbali ndani ya mpini na kushikwa kwa kigingi.

Jumamosi wakaenda kwa mzee mmoja mhunzi, njia ya uwanja wa Nanenane, anayefua mapanga kutokana na springi za lori.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mzee akampa panga. Akamwambia aligonge kwa ukucha asikilize mlio, atazame mgongo kama umenyooka, autikise mpini aone kama unacheza. "Springi imepinda na kurudi miaka mingi chini ya mzigo," alisema. "Chuma cha hivyo kinashika makali."

Kisha akauliza jambo ambalo nyumbani hakuna aliyeliuliza: "Unataka kumkata nani?"

Kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu ikatoka. Tangu mwezi wa sita, akitoka masomo ya jioni, vijana wakubwa humsubiri korongoni. Wamemnyang'anya nauli mara mbili, na mara ya tatu viatu. Viatu alisema vimepotea. Hakusema kweli kwa sababu mwaka jana, alipolalamikia jambo dogo, baba alimwambia mwanaume halii lii.

Baba alitazama chini.

"Ukibeba upanga, nao watabeba," mzee alisema. "Na wa kwao utakuwa mrefu kuliko wako."

Walinunua panga kwa shilingi 15,000. Jumatatu wazazi wote wawili walikwenda kwa mwalimu wa nidhamu na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wawili kati ya vijana wale walifahamika, wazazi wao wakaitwa. Viatu havikurudi. Kwa miezi miwili baba aliiacha gereji kila jioni akamsubiri mwanawe korongoni na pikipiki.

Panga linakaa stoo, ufunguo anao mama. Limeshafyeka miiba yote pembeni mwa shamba lao la zabibu, na mpini bado hauchezi. Fedha zilizobaki zimerudi kwenye kopo.

Siku hizi kijana akimwonyesha baba kitu anachotaka kununua, baba haanzi tena na "shilingi ngapi?" Anaanza na "cha nini, mwanangu?" Kisha ananyamaza, anasubiri jibu.