Ufito Hauchaguliwi kwa Urefu

Mpwa wangu wa Tanga kanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Ukija Desemba niletee ufito wa kuvulia, mrefu, mgumu, mweusi." Basi. Hakusema atavua wapi, anamtaka samaki gani, wala atatupa chubwi la uzito gani. Nimechemka, na hasira zangu si kwake. Ni kwa maduka yetu, yaliyomfundisha kwamba ufito ni urefu na rangi.

Huku Liverpool anayejitengenezea ufito huanza na ufito mtupu: mrija wa kaboni au wa faiba usio na pete, mpini wala mahali pa kufungia rili. Pete unaweza kuzibadilisha mwakani, mpini vilevile. Mrija ukiukosea, umekosea kazi yote.

Mzee wa duka ninalonunua hakuuzii mpaka akuhoji. Utasimama ufukweni au juu ya ukuta? Mkondo una kasi gani? Maana Mto Mersey, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 10, na wavuvi wa majira ya baridi hutupa chubwi la aunsi 5 au 6, yaani gramu 140 hadi 170, lenye miguu ya waya ya kung'ang'ania mchanga. Ufito wa gramu 50 pale utapinda mpaka mpinini, au utavunjika. Ule wa gramu 170 nao ukiufungia chubwi la gramu 40 haupindi, na ufito usiopinda hautupi. Ndiyo maana swali la kwanza ni uzito, na jibu lake limeandikwa kwenye kitako cha mrija.

Likafuata jambo lililonifurahisha mno. Aliusimamisha mrija, kitako sakafuni, ncha kwenye kiganja cha kushoto, akaukandamiza katikati mpaka ukapinda, kisha akaubiringisha kwa vidole vya mkono wa kulia. Ulizunguka taratibu, halafu ghafla ukaruka na kutulia upande mmoja. Akabandika utepe mweupe hapo. Shuka la kaboni linapoviringishwa kwenye chuma huacha mahali palipopandana, ndiyo maana mrija huwa na upande mgumu kuliko pande nyingine. Akishaujua, ndipo anapoamua pete zikae wapi.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alifanya mambo hayohayo na mwanzi. Aliukausha juu ya moshi wa jikoni, akafunga jiwe kwenye ncha, akautazama unapopinda. Wa tasi alitaka ncha nyembamba, inayosikia samaki akidonoa. Wa changu wa miambani alitaka kiuno kigumu, samaki asipate nafasi ya kurudi pangoni. Uliopinda wote mpaka mkononi alitupa sisi watoto.

Waingereza wana kipimo cha jiwe lile la Ami. Unafunga uzi kwenye ncha na kuuvuta kwa mizani ya springi mpaka ncha ikae pembe mraba na mpini. Ratili unazozisoma ndizo nguvu za ufito. Ukizizidisha kwa 5 unakadiria mshipi wa kuufungia. Richard Walker, mhandisi aliyevua bwawani Redmire mwaka 1952 samaki wa ratili 44, rekodi ya Uingereza kwa jamii yake wakati huo, alikuwa na ufito wa kujitengenezea. Wa mwanzi! Ulipasuliwa vipande, vikachongwa na kugundishwa, lakini mwanzi. Sasa kwa nini vijana wetu wanauonea haya?

Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho nilimsindikiza mpwa dukani. Nikauliza, "Huu unatupa uzito gani?" Muuzaji akajibu, "Huo orijino, mzee." Ulikuwa wa kuchomoa kama antena, umeandikwa mita 3.6, hakuna kingine. Ukavunjika jioni ileile kule Raskazone, Tanga, chubwi likaenda na mshipi wake. Kijana alikuwa amedunduliza pesa zile.

Na kaboni anayoililia, ule weusi, mimi kwa Tanga siipi nafasi ya kwanza. Ni nyepesi na inarusha mbali, kweli, lakini ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usiouona, ikaja kukatika siku samaki mkubwa ameshika. Ufito utakaolazwa kwenye ngalawa pamoja na makasia na nanga, bora uwe wa faiba, au wa mchanganyiko, hata kama utachosha mkono. Tena ngalawani mita 2 zinatosha. Urefu una kazi ufukweni, kuupitisha mshipi juu ya mawimbi.

Basi mpwa wangu, na nyote mnaoniagiza: liwekeni chubwi lenu kwenye mizani ya duka la jirani, mnitumie gramu, jina la samaki, na mahali mnaposimama. Urefu nitauchagua mimi.