Kibaba cha Maneno

Katika mwezi wa Novemba mwaka 2023 nilijitwika mzigo ambao hapana mtu aliyenilazimisha kuuchukua. Niliazimu kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa siku thelathini. Desturi hiyo ilianzishwa katika jimbo la California, Marekani, mwaka 1999, na Chris Baty pamoja na wenzake ishirini. Mwaka uliofuata ilihamishiwa mwezi wa Novemba, kisha ikaenea ulimwenguni. Chama kilichoisimamia kilitangaza kufungwa mwaka 2025, lakini nilipoanza mimi kilikuwa hai.

Riwaya yangu ilikuwa ya mama yangu, aliyefariki mwaka 2019. Kwa miaka mingi aliuza mahindi na maharagwe sokoni, akiyapima kwa gorogoro. Na kwa faida ile ndogo akanilipia karo mpaka nikahitimu chuo cha ualimu. Hakuacha picha nyingi wala barua. Niliogopa kwamba nisipomwandika, wanangu hawatamjua.

Hesabu ilikuwa nyepesi kwa kuitazama: maneno 1,667 kila siku. Shule zilikuwa zimefungwa, na mvua kubwa za El Nino zilitufungia nyumbani. Siku kumi za kwanza nilikwenda kama mtu ateremkaye mlima. Kila usiku kompyuta ilinionyesha jumla yangu, nami nikalala kwa furaha.

Baadaye njia ilianza kupanda. Niligundua jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili angalipaswa kulijua mapema. Kipimo kile kilitengenezwa na watu wa Kiingereza. Mwingereza akitaka kusema "hatatuandikia" hutumia maneno sita. Sisi twatumia moja tu. Basi maneno 50,000 ya Kiswahili ni shamba pana kuliko maneno 50,000 ya Kiingereza, na jembe ni lile lile.

Hapo ndipo hila ilipoingia. Badala ya kuandika "mwanamke aliyeuza mahindi" niliandika "mwanamke ambaye alikuwa akiuza mahindi", nikapata maneno mawili ya bure. Mtu hakucheka tena katika riwaya yangu. Alicheka kicheko kikubwa cha furaha tele. Mambo hayo katika daftari za wanafunzi huyapiga mstari mwekundu bila ya huruma. Katika kazi yangu niliyaita maendeleo.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa na maneno 30,214, nami nikafika katika sura ya soko. Nilitaka kusimulia habari za mchuuzi aliyekaa karibu na mama. Mkebe wake ulikuwa umebonyezwa kitako kwa ndani, hata ukijaa juu, chini hupungua. Bei yake ilikuwa nafuu kidogo, na wateja walimkimbilia. Jioni moja, tuliporudi nyumbani na gunia letu karibu zima, nilimwuliza mama kwa nini naye asibonyeze mkebe wake. Hakunikaripia. Alisema, "Mwanangu, huyo anunuaye atakwenda kupika. Sufuria haidanganywi."

Nilipokwisha kuandika maneno hayo, mikono yangu ilisimama. Nilikuwa nikimwandika mwanamke huyo kwa mkebe uliobonyezwa. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikaanza kufuta. Kulipopambazuka yalibaki maneno 22,860. Sikumbuki hasara nyingine iliyonipa usingizi mzuri kama ule.

Tarehe 30 Novemba nilikuwa na maneno 34,105. Nilishindwa, na sitafuti maneno ya kuupamba ushindwa huo. Walakini sitaki kulaumu hesabu peke yake. Kwa miaka minne kabla ya mwezi ule nilikuwa nikingoja siku njema ya kuandika, na siku hiyo haikunipatia zaidi ya kurasa tatu. Hesabu ndiyo iliyonikalisha kitini kila usiku, niwe na hamu nisiwe nayo. Isingalikuwa hiyo, sura ya soko isingaliandikwa.

Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba cha pumba hujaa sawasawa na kibaba cha mchele, na macho huweza kuridhika na vyote viwili. Riwaya niliimaliza mwezi wa Agosti mwaka 2024, kwa mwendo wa polepole, na wanangu wameisoma. Mdogo wao aliniuliza kama mkebe wa bibi bado upo. Upo, nilimpa aushike, akaupapasa kitako.

Wanafunzi wangu wangali wakiniuliza, "Mwalimu, insha iwe ya maneno mangapi?" Huwatajia idadi, kwa maana mtihani huitaka. Kisha huwaambia wakimaliza waipapase chini, waone kama haikubonyea.