Saa ya Mzee wa Ruziba

Ndugu msomaji, ukitoka katikati ya jiji la Bujumbura na kuishika barabara ya Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa kulia kwako na vilima kushoto, hutakawia kufika Ruziba. Jumamosi moja nilikwenda huko kwa haja moja tu: kumwona mzee, mwalimu mstaafu, niliyeambiwa kwamba anauza saa yake ya mkono.

Nimezipenda saa tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikiweka akiba ili ninunue iliyo bora. Lakini saa mpya ya Uswisi yenye jina kubwa, kama vile Rolex, humeza mishahara mingi ya mtumishi wa serikali. Ndiyo sababu wengi wetu hutafuta saa kuukuu.

Mzee alinikaribisha barazani, akafungua kitambaa na kunipa Omega ya kutia ufunguo. Akrabu fupi ilikuwa juu ya tarakimu 9, nasi sote tukasema ni saa tatu, kama ilivyo desturi yetu.

"Mwanangu," akasema, "kila asubuhi yadai ufunguo, na vidole vyangu vimechoka. Nipe fedha za kununulia saa ya betri, uichukue."

Moyo ulinidunda. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi mwaka 1969, watu wengi waliziona saa za kamani kuwa zimepitwa na wakati, na viwanda vingi vya Uswisi vikafungwa. Hata hivyo, leo wapenzi wa saa huzitafuta zile za kale, hasa ambazo uso wake haukupakwa rangi upya na mwili wake haukusuguliwa hadi kingo zikapotea. Ya mzee ilikuwa hivyo. Nilijua thamani yake, naye hakuijua.

Nilinyamaza kitambo nikiyatazama mawimbi ya ziwa. Kisha nikamwambia, "Mzee, usiiuze leo. Twende kwanza kwa fundi."

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwa fundi saa mjini. Aliufungua mfuniko wa nyuma, akatuonyesha jina la kiwanda na nambari iliyochongwa kwenye mtambo, ambayo kwayo mwaka wa kutengenezwa hujulikana. Akasema mafuta yamekauka, na saa ya namna hiyo yafaa isafishwe kila baada ya miaka michache, isije ikajila yenyewe. Mzee alimsikiliza kwa makini, kisha akataja bei mpya. Akiba yangu haikuifikia.

Nilirudi nyumbani mkono mtupu, wala sikujuta. Ndugu msomaji, ukitaka saa ya thamani, ikubali ifunguliwe mbele yako. Jina lililo usoni huigizwa kwa urahisi kuliko mtambo ulio ndani. Weka kando fedha za fundi kabla ya kulipa bei. Usiitumbukize ziwani saa kuukuu, maana mipira yake ya kuzuia maji huchakaa. Ikiwa bei ni ndogo mno, kumbuka kwamba rahisi huvunja upishi. Lakini ikiwa ni ndogo kwa kuwa muuzaji hajui alicho nacho, mwambie.